Ndugu yako akifia hospitali: mwili una safari yake, karatasi nazo zina yake

Juzi nilikuwa kwenye bajaji hapa Dodoma, natoka Jamatini naelekea Nkuhungu, nyuma tumebanana watatu, na mama mmoja alikuwa anaongea na simu kwa ile sauti ya mtu mwenye hasira na kilio kwa wakati mmoja. "Wamekataa kumtoa, wanasema mpaka deni liishe." Alipokata simu dereva akadakia kwamba hospitali zote ndo zao, dada wa pembeni yangu akasema hapana sa hivi hawaruhusiwi kabisa, serikali imekataza, unachukua mwili wako unaondoka na deni linakufa na marehemu. Na mimi nikatia langu. Mpaka tunafika tulikuwa watu wanne na majibu manne, na nikija kuyafikiria sasa hakuna hata moja lililokuwa limekamilika, langu likiwemo.

Ndo nikaona niandike. Mimi si daktari wala mwanasheria, ila kwenye ukoo wetu nimeshageuzwa mtu wa kutumwa, yaani msiba ukitokea mimi ndo naambiwa "wewe nenda kaangalie mambo ya hospitali", nimezunguka hayo madirisha mara nyingi kuliko ninavyopenda na makosa tumeyafanya ya kutosha.

Kitu ambacho familia nyingi hazikijui ni kwamba mtu akifia hospitali, au kwenye makazi ya wazee, au popote penye wahudumu wa afya, zinaanza safari mbili kwa mpigo. Moja ya mwili, kutoka wodini kwenda mochwari, kutoka mochwari kwenda nyumbani au msikitini au kanisani mpaka makaburini, na hii wote tunaijua maana ndo inayoonekana. Ya pili ni ya karatasi, inaanzia dirisha lilelile la hospitali lakini inaishia mbali sana, benki, mahakamani, kwenye mfuko wa pensheni, miezi na miezi baada ya turubai kushushwa. Sisi nguvu zote tunapeleka kwenye safari ya kwanza halafu ya pili tunaikumbuka siku mjane anapoambiwa alete cheti.

Tuanze na majina ya hizo karatasi maana hapo ndo vurugu inapoanzia. Mtu akifariki wodini daktari anathibitisha kwamba kweli amefariki, anaandika kwenye faili saa na sababu. Baada ya hapo hospitali inatoa tangazo la kifo, hii ni taarifa tu kwamba fulani amefariki hapa, tarehe hii, kwa sababu hii, na inaendana na kibali cha mazishi ambacho kinawaruhusu mumchukue mkamzike. Watu wengi wakishakipata hicho wanakikunja wanaweka kwenye pochi wanasema cheti tumepata. Hapana. Cheti cha kifo ni kitu kingine, kinatolewa na RITA, ile ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, na kwa kawaida unakishughulikia kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya ambako ndo kuna msajili, au unaanza maombi kwenye mtandao wao wa eRITA.

Ukitaka kuelewa tofauti kumbuka mtoto anavyozaliwa. Mama anatoka hospitali na kile kikaratasi cha tangazo la kizazi na kadi ya kliniki, si ndiyo? Hakuna anayeenda kumwandikisha mtoto pasipoti kwa kadi ya kliniki. Basi huku kwenye kifo ni vilevile, kile kikaratasi cha hospitali ni mbegu, mti unaota RITA.

Kwa mujibu wa sheria ya usajili wa vizazi na vifo, kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Zikipita hujafungiwa mlango, utasajili, ila utaulizwa maswali zaidi na utatakiwa vielelezo zaidi. Na kama mtu amefia nyumbani, hata kama alikuwa na nesi mnayemlipa anakuja kumfunga dripu kila siku, hiyo haihesabiki kama hospitali, taarifa inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Hii inawachanganya sana watu wanaouguza wazee wao nyumbani, kule Bahi na Chamwino ndo usiseme, maana wanazika kwanza halafu mtendaji anapewa taarifa kwenye matanga akija kula.

Sasa nisimulie kosa letu ili ujue kwa nini naongea hivi kwa ukali.

Baba mdogo alizidiwa usiku, sisi wengine tuko mbali, jirani mwema akampakia kwenye bajaji mpaka hospitali moja hapa mjini. Pale mapokezi jirani akaulizwa jina, akasema Yona. Mtaa mzima unamjua kama Mzee Yona, kanisani ni Yona, hata mimi kwenye simu nimemsevu Baba Mdogo Yona. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni Jonathan. Alikaa wodini siku nne na jina la Yona, faili la Yona, kibandiko cha kitandani Yona, na alipofariki tangazo la kifo likaandikwa Yona na umri wa kukadiria, miaka 70, wakati alikuwa na 66. Mimi ndo nilikabidhiwa ile karatasi. Nakumbuka vizuri kabisa, nilikuwa nimesimama dirishani saa moja na nusu asubuhi na simu sikioni nabishana na mtu wa majeneza, nikaiangalia karatasi kama mtu anavyoangalia risiti ya vocha, nikaona muhuri upo, nikaikunja mara nne nikaitia mfuko wa shati. Sikusoma.

Tulikuja kusoma baada ya wiki tano. Kufika huko mbele tukaambiwa Yona na Jonathan ni watu wawili mpaka mthibitishe vinginevyo. Tukarudi hospitali, tukaambiwa mwenye faili yuko likizo. Viapo kwa wakili, barua ya mtendaji wa mtaa, kopi za hiki na kile, mama mdogo anapanda na kushuka daladala na bahasha ya kaki imeshalainika pembeni kwa jasho. Miezi saba. Kwa sababu ya sekunde kumi ambazo sikuzitumia pale dirishani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza na kama huna muda wa kusoma mengine soma hili tu: kabla hujaondoka dirishani soma ile karatasi neno kwa neno ukiwa umeshika kitambulisho cha marehemu mkono wa pili. Majina yote na mpangilio wake, jinsia, umri, tarehe, mahali. Ukiona kosa likarekebishwe hapohapo, karani atanuna dakika tano, kuliko nyie kununiwa miezi saba. Na ukiweza rekebisha mapema zaidi, mgonjwa akiwa bado hai, jina la mapokezi liwe la kwenye kitambulisho siku ileile anapolazwa. Najua inasikika kama uchuro. Fanya tu.

Na ukishapata karatasi piga picha kwa simu, toa kopi mbili tatu, ile halisi isizunguke kwenye msiba kutoka kwa mjomba kwenda kwa mwenyekiti kwenda kwa mchungaji.

Nani aende dirishani? Siyo mtoto wa marehemu aliyetoka kulia sasa hivi, na siyo yule mzee wa ukoo ambaye kila mtu anamheshimu ila miwani kaacha nyumbani. Tafuta mtu mmoja mtulivu anayejua kusoma fomu, mara nyingi ni shemeji au mkwe, mpeni vitambulisho, mpeni hela kidogo na mumwambie yeye ndo atakayeongea na hospitali. Ndugu sita wakienda kwa zamu manesi wanatoa majibu sita halafu nyumbani mnaanza kusema wanatuficha kitu.

Turudi wodini. Mkipigiwa simu njooni, daktari au nesi akisema amefariki mna haki ya kuuliza maswali na kukaa naye kidogo kabla hajapelekwa mochwari. Kama ni Waislamu semeni mapema kabisa kwamba mnataka kuzika leoleo, maana mkinyamaza mtapangiwa ratiba ya kawaida na wakubwa wakishatoka ofisini saa tisa na nusu karatasi inalala. Semeni pia kuhusu nani amuoshe, hospitali nyingi zinaelewa kabisa. Vitu vyake vikabidhiwe kwa maandishi, simu, saa, pete, hela, kadi ya bima, na anayepokea asaini. Watu wanaona aibu kuhesabu shilingi elfu kumi na mbili mbele ya maiti, halafu jioni anatuhumiwa nesi ambaye masikini ya Mungu hata hakuwa zamu.

Sasa sababu ya kifo. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo maneno mengi ya mtaani yanapozaliwa.

Familia inauliza amekufa na nini, inajibiwa moyo ulisimama. Watu wanatoka nje wanasema ghafla tu moyo umesimama, mtu alikuwa anaongea jana, hapa kuna mkono wa mtu. Lakini jamani moyo wa kila marehemu umesimama. Ni sawa na kuuliza basi la Singida limepataje ajali unajibiwa lilisimama. Ndiyo lilisimama, ila kwa nini? Lilianguka. Kwa nini lilianguka? Tairi lilipasuka. Kwa nini lilipasuka? Lilikuwa kipara toka mwezi wa tatu na mwenye basi anajua. Daktari naye anapojaza fomu ya sababu ya kifo anatakiwa ashuke ngazi hivyohivyo: kilichomuua dakika ile, kilisababishwa na nini, nacho kilisababishwa na nini, mpaka afike kwenye tairi kipara. Mfano mtu mapafu yamejaa maji, kwa sababu moyo umechoka, kwa sababu ya presha ya miaka 15 aliyokuwa anameza dawa akijisikia vibaya tu. Kuna na sehemu ya pembeni ya kuandika magonjwa mengine yaliyochangia, kama kisukari.

Kwa hiyo mkiambiwa moyo ulisimama msiondoke, ulizeni kwa heshima: "Daktari, chanzo chake hasa ni nini, tuelewe sisi na tuwaeleze wenzetu nyumbani." Kuuliza siyo kushtaki. Daktari mzuri anapenda kuulizwa hivyo na daktari asiyependa ndo wa kuulizwa mara mbili. Na kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii, kama baba amekufa kwa kiharusi kutokana na presha basi ninyi watoto wake mlioko kwenye turubai hapo mna kazi ya kwenda kupima.

Na lile la oksijeni. Sijui hapa Dodoma limekolea vipi lakini kila msiba nasikia, "walipomuwekea oksijeni tu tukajua basi". Wengine wanakataa kabisa mgonjwa wao asiwekewe. Hebu fikiria umepita mtaa wa Chang'ombe ukakuta nyumba inaungua na gari la zimamoto limesimama mlangoni. Kesho yake umepita Kizota, nyumba nyingine inaungua, zimamoto ipo tena. Utasema zimamoto ndo inachoma nyumba? Oksijeni wanawekewa walio hoi zaidi, na walio hoi zaidi ndo wengi wao wanakufa. Wapo waliorudi nyumbani baada ya oksijeni ila hao hawahadithiwi msibani, wako shambani wanalima.

Kuna pia lile la kuona marehemu kama amepumua, au tumbo limetoa sauti, au mwili umekakamaa halafu kesho yake umelegea wakati wa kuoshwa na bibi mmoja anaanza kusema huyu hakufa vizuri. Mwili hukakamaa kuanzia saa chache baada ya kifo, unakaza zaidi kama baada ya saa 12 hivi, halafu wenyewe unalegea tena baada ya siku moja na nusu au mbili, kwenye joto mapema na kwenye friji taratibu. Hewa iliyobaki ndani nayo inatoka mkimgeuza. Hakuna ujumbe wowote hapo.

Vipi kuhusu kupasua mwili ili kuchunguza kilichomuua? Hapa pana vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna uchunguzi ambao familia inaomba au hospitali inaomba kwa familia, kwa sababu ugonjwa haukueleweka, huo mnaweza kukubali au kukataa. Na kuna uchunguzi wa kisheria, kifo cha ajali, kipigo, sumu, kujinyonga, mtu aliyekuwa mahabusu au gerezani, au kifo cha ghafla kisichoeleweka. Huo hauombwi ruhusa kwenu, polisi wanaingia, mwili hautoki mpaka wamalize kazi yao. Polisi wakionekana mochwari haina maana kwamba familia inashukiwa, ni utaratibu. Na hii inawahusu pia wale waliofika getini mgonjwa akiwa ameshakata roho njiani, maana daktari hapo anaweza kuthibitisha kwamba amekufa lakini hajui kilichomuua, hajawahi kumuona, sasa mnamlazimishaje aandike?

Hofu ya kwamba wakipasua wanachukua figo wakauze nimeisikia mpaka kwa watu wenye digrii. Figo ya kupandikizwa inahitaji kutolewa kwa mtu ambaye damu bado inazunguka au ndani ya muda mfupi mno, katika chumba cha upasuaji, na mpokeaji aliyekwisha kupimwa anasubiri. Figo iliyolala mochwari usiku kucha haimsaidii mtu. Kwenye uchunguzi wanaangalia viungo, wanachukua vipande vidogo vya kupima maabara, wanashona, na mshono unakaa chini ya nguo. Mnaweza kuomba ndugu mmoja awepo kuutambua mwili kabla.

Kama mna wasiwasi wa kweli na mnataka uchunguzi, semeni kabla mwili haujapigwa dawa ya kuuhifadhi na kabla ya kuzika. Formalini, ndo hiyo dawa yenyewe, inavuruga vipimo hasa vya sumu, na mkishazika kufukua kaburi siyo uamuzi wa ukoo, inahitaji amri ya mahakama. Nimeona ndugu wanakaa kimya siku tatu kwa sababu hawataki kuonekana wakorofi, halafu siku ya arobaini ndo wanakumbuka kudai uchunguzi.

Haya, deni. Narudi kwenye bajaji. Serikali imetamka zaidi ya mara moja kwamba mwili wa marehemu usizuiliwe hospitali kwa sababu ya deni. Kwa hiyo dada wa pembeni yangu alikuwa sahihi hapo, dereva alikuwa anasema kinachotokea na siyo kinachotakiwa. Lakini dada alikosea aliposema deni linakufa na marehemu. Linabaki. Kinachotakiwa ni familia na hospitali kukaa na kuandikishana namna ya kulipa, kidogokidogo, na kama kweli hamna uwezo mnaonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, yupo, mlango wake huwa uko kwenye korido ambayo hakuna anayeipita, nendeni na barua ya mtendaji wa mtaa ikieleza hali yenu. Msianze kwa kupiga kelele mochwari. Mhudumu wa mochwari hana mamlaka ya kusamehe deni, yeye anasubiri karatasi ya kutolea mwili, basi. Mkizungushwa pandeni kwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, na akishindikana kuna mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa.

Na jambo dogo la kisheria hapo, deni la marehemu linalipwa kutoka kwenye mali za marehemu. Wewe mtoto hulirithi kama unavyorithi sura. Isipokuwa kama uliweka saini yako kwamba utalipa wewe, hapo umejifunga mwenyewe, kwa hiyo soma unachosaini usiku ule wanapokwambia weka jina hapa mgonjwa apokelewe.

Kuhusu mochwari yenyewe sina mengi. Ulizeni gharama kwa siku, ulizeni kama bima inagusa hapo maana mara nyingi watu wanadhani inagusa, ombeni risiti kwa kila hela, ile ya chai ya kupenyeza mkononi siyo sehemu ya utaratibu hata kama wote mnaitoa. Siku ya kuchukua, watu wawili wanaomjua vizuri waangalie sura, na kibandiko kisomwe. Wenyeji wa Dodoma hatuhitaji kukumbushwa kwa nini kutambua mwili ni jambo zito. Ajali ya treni ya tarehe 24 Juni 2002 iliua watu 281, na ambao hawakutambuliwa walizikwa kwa pamoja pale Maili Mbili, kuna familia mpaka leo zinaweka maua bila uhakika.

Kama mnasafirisha kwenda Bukoba au Mbeya au Moshi, maana mji huu sa hivi umejaa watumishi waliohamia na serikali na wote wana kwao, mwambieni mtu wa mochwari mapema ili mwili upigwe dawa, ulizeni kibali cha kusafirisha, na karatasi zote zikae kwenye gari lenye mwili, siyo kwenye Noah ya waombolezaji iliyowatangulia imeshafika Manyoni.

Mkihisi uzembe je? Kwanza tofautisha kukasirika na kuwa na hoja. Manesi kuwa na majibu ya mkato ni kosa la tabia, mgonjwa wa dharura kukaa saa tano bila kuonwa ni kitu kingine. Andikeni wenyewe usiku huohuo mnachokumbuka, saa ngapi mlifika, nani alimwona, dawa gani aliandikiwa, mlinunua nini nje, risiti mzitunze. Baada ya wiki mbili kumbukumbu zinaanza kugombana. Pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa uongozi wa hospitali na mbaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msiporidhika daktari analalamikiwa kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi au mkunga ana baraza lake. Kama aliyefariki ni mama mjamzito au aliyetoka kujifungua, utaratibu wa wizara unataka kifo hicho kijadiliwe na kamati ya hospitali hata kama familia haijalalamika, kwa hiyo mna kila sababu ya kuuliza kikao hicho kilikaa lini. Kurekodi video mnamtukana nesi wa zamu na kuirusha kwenye magrupu kunatuliza roho kwa siku moja, hakuleti majibu.

Na wapo wazee wanaofia kwenye makazi, kule Hombolo kwa mfano kuna makazi ya wazee. Huko utaratibu hautofautiani sana ila tatizo ni kwamba mara nyingi ofisi haina namba ya ndugu yeyote au ina namba ya mwaka 2009. Kama una mzee wako huko peleka namba mbili zinazopatikana na andikisha anataka kuzikwa wapi na kwa dini gani. Ni dakika kumi za mazungumzo, mwenyewe mzee mara nyingi anayatamani kuliko unavyodhani.

Mkishazika, pumzikeni, halafu ndani ya zile siku 30 yule mtu wa makaratasi aende RITA na tangazo la kifo, kitambulisho cha marehemu na chake. Cheti kikitoka ndo mambo mengine yanafunguka. Kikao cha ukoo kinakaa, kinampendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, unapelekwa mahakamani, kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo. Hapa napo pana uongo mkubwa, eti mtoto wa kwanza wa kiume ndo msimamizi moja kwa moja, au eti kikao kikishapitisha imekwisha. Kikao kinapendekeza, mahakama ndo inateua. Na msimamizi siyo mrithi mkuu, ni kama mweka hazina wa harusi, anakusanya, analipa madeni, anagawa, halafu anatoa hesabu. Mjane anaweza kuwa msimamizi, binti anaweza.

Kama alikuwa mtumishi wa umma, mfuko wake wa pensheni ni PSSSF na makao yao makuu yako hapahapa Dodoma, kama alikuwa sekta binafsi ni NSSF, nendeni mkaulize mapema fomu zinataka nini kabla hamjagawana vitambulisho vyake kama kumbukumbu. Kadi ya benki isitumike. Najua namba ya siri mnaijua, yeye mwenyewe alimwambia mjukuu, lakini kutoa hela baada ya kifo ndo chanzo cha kesi nusu ya hizo mnazozisikia, maana taarifa ya akaunti inaonyesha tarehe na saa, na ndugu wa upande wa pili watakuja kuiomba.

Na laini ya simu msiitupe wala msiifunge haraka. Sisi simu ya baba mdogo tuliiacha kwa mama mdogo iko kwenye chaji, na mwezi wa pili baada ya mazishi ikaingia meseji kutoka kwa katibu wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kule mtaa wa Kikuyu, inasema Mzee Yona hujaleta hisa wiki ya nane sasa, kuna nini? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua kama mzee alikuwa na kikoba. Mama mdogo alienda mwenyewe, akiwa na kanga yake nyeusi na ile bahasha ya kaki, na hao wa kikoba ndo watu pekee katika safari nzima ambao hawakumuuliza Jonathan ni nani.